Zoezi la Mishomoroni

Nilipoacha kazi ya kupokea simu za dharura nikaingia kwenye utafiti, mamangu aliniuliza kama nimepandishwa cheo. Nilimjibu ndiyo, kwa kuwa sikujua namna nyingine ya kumweleza. Kwa miaka kadhaa nilikuwa nimekaa mbele ya simu nikiwasikiliza watu wa Kisauni na Likoni wakinielekeza nyumba zao ziliko. "Shuka na njia ya msikitini, ukiona duka la kijani, uliza." Kumbe lile duka limeshapakwa rangi ya kampuni ya simu, na wa kuulizwa amehama. Mgonjwa yuko chini, dereva wa ambulensi anazunguka, nami niko katikati, simu hii sikio hili na ile sikio lile, nikijaribu kuwakutanisha watu wawili ambao kila mmoja anaapa kwamba amesimama mahali panapoonekana wazi.

Kwa hivyo daktari mmoja wa bara alipokuja kutafuta msaidizi wa kufanya utafiti juu ya jambo hilo hilo, sikungoja kubembelezwa. Wazo lake lilikuwa jepesi. Badala ya mpigaji kueleza njia kwa mdomo, angetumiwa ujumbe kwenye simu yake, aubonyeze, na dereva aone kwenye ramani pale alipo. Ili kujua kama hilo linasaidia, tungefanya mazoezi. Mtu wa kujitolea angejifanya mgonjwa nyumbani kwake, jirani apige simu, ambulensi ije, sisi tupime imechukua muda gani. Siku nyingine njia ielezwe kwa mdomo, siku nyingine kwa ramani. Wahudumu wa ambulensi walijua kuwa mazoezi yatakuwapo, ila siku hawakuambiwa. Simu ya mgonjwa wa kweli ikiingia, zoezi linakatizwa papo hapo. Tulichagua Changamwe, Mishomoroni na Ziwa la Ng'ombe. Kazi yangu ilikuwa kukaa ndani ya nyumba pamoja na mgonjwa wetu, nitazame, nisiingilie.

Mgonjwa wa kwanza wa Mishomoroni alikuwa fundi wa kushona, mama wa makamo kutoka Kaloleni ambaye nilisali naye kanisa moja. Alipanga chumba katika nyumba yenye ukumbi mrefu, na cherehani yake aliiweka barazani. Ng'ambo ya njia aliishi bibi mmoja mjane, mtu wa Mvita tangu mababu, na mwanawe wa kiume aliyefanya kazi bandarini. Bibi huyo ndiye aliyekubali kuwa mpigaji simu. Nilipokwenda kumweleza, nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akataka kujua kama si dhambi kusema uongo kwa simu ya watu.

"Wote wanajua kuwa ni mazoezi, bibi."

"Wajua wote?"

"Wahudumu wameambiwa. Na mzee wa mtaa amewaambia majirani."

"Basi hapo sawa," akasema. "Lakini huyo mzee wa mtaa, mimi hajaniambia neno."

Hapo ndipo ningepaswa kusimama nifikirie. Niliona ni maneno ya bibi tu, nikaendelea na mipango.

Asubuhi ya zoezi, fundi alikuwa amejiandaa kuliko sisi. Alikuwa amefumua nywele na kulala kwenye mkeka ukumbini, mdomo wazi kidogo, mkono mmoja kifuani. Bibi alipiga simu kwa sauti ya mtu aliyefiwa. Fundi akaguna. Aliguna vizuri mno. Kabla sijakaa sawa kwenye kigoda changu, mwanamke wa chumba cha pili alikuwa ameingia, na nyuma yake mwingine, na nyuma yao wanaume wawili waliokuwa wakichimba shimo la choo nyumba ya jirani, mikono yao ina udongo.

"Ana nini?"

"Kifua."

"Muinueni."

Sheria ilinitaka ninyamaze, lakini nilisema. "Subirini, ambulensi inakuja."

Mwanamke wa chumba cha pili alinitazama kana kwamba nimesema mvua itanyesha kutoka chini kwenda juu. "Ambulensi?" akasema. "Huku?" Kisha akavua leso yake ya juu, wakampitishia fundi chini ya mgongo, wakambeba. Fundi alifumbua jicho moja akanitazama. Tulikuwa tumemwonya asiseme neno lolote mpaka wahudumu wafike, na ni mtu wa kushika agizo. Nilisema tena, sasa kwa sauti, kwamba ni mazoezi, jamani, ni mazoezi, lakini bibi naye alikuwa mlangoni akilia kwa sababu umati ulikuwa umemtisha, na mwenye kulia husikika kuliko mwenye kueleza.

Tuktuk ilikuwa imekwisha kusimamishwa. Abiria walishuka bila kuulizwa. Fundi aliwekwa kitini, kichwa kikaning'inia upande, miguu ikatoka nje, nami nikarukia ndani nikakishika kile kichwa. Dereva alikata kona ya kwanza na nusura atubwage kwenye mkokoteni wa maji.

"Mwanangu," fundi akaninong'oneza, "niamke?"

"Amka, mama."

Alipoketi na kujifunga leso, dereva alimwona kwenye kioo chake. Alisimamisha tuktuk kando ya barabara akatugeukia. Nilimweleza yote, taratibu, na kumwomba radhi. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Nimewashusha watu njiani, dada. Mmoja alikuwa na mtoto mgongoni." Alituzungusha akaturudisha hadi mlangoni.

Ambulensi ilikuwa pale, imefika kwa ramani, bila kupotea hata kidogo, na wahudumu wake wamesimama ukumbini wakiutazama mkeka mtupu.

Ofisi yetu ilikuwa Changamwe, orofani, juu ya duka la spea. Malori ya kwenda na kutoka kwenye matangi ya mafuta yakipita, vioo vya dirisha vilitetema na daktari alilazimika kukatiza maneno. Nilimpa habari nikidhani itamfurahisha, maana kwangu ilikuwa habari kubwa. Yeye aliweka kalamu chini.

"Hiyo tutaiondoa," akasema.

"Kwa nini?"

"Mgonjwa hakuwepo ambulensi ilipofika. Hatuna cha kupima."

"Lakini ndivyo watu wanavyofanya kila siku, daktari. Hawangoji. Hata mimi nikiwa kwenye simu, mara nyingi nilikuwa naambiwa, acha tu, tumeshampakia."

"Najua. Lakini sisi tunapima ambulensi." Alikuwa mtu mpole, na hilo ndilo lililonichosha zaidi, kwa sababu huwezi kugombana na mtu anayekukubalia kila neno kisha asibadilishe kitu. "Hilo la tuktuk ni utafiti mwingine. Ufadhili huu si wake."

Tulijaribu Ziwa la Ng'ombe wiki iliyofuata, na kule nyumba zimebanana hata mtu akipiga chafya watu wa nyumba ya nne wanamwombea afya. Mgonjwa wetu, mwanamume mwuza viatu, alibebwa kwenye pikipiki, amebanwa katikati ya dereva na shemejiye, kabla sijapata hata nafasi ya kusimama. Hilo nalo likaondolewa.

Daktari akaamua tuitishe mkutano na wakazi. Ule wa Mishomoroni ulifanyika kwenye darasa la chekechea, watu wazima wameketi kwenye viti vya watoto, magoti juu. Daktari aliomba kwamba siku za mazoezi majirani wamwache mgonjwa pale pale alipo. Mwanawe yule bibi, aliyekuwa ametoka zamu, alisimama.

"Kwa heshima, daktari. Tutajuaje kuwa leo ni mchezo na kesho ni kweli?"

Watu walizungumza wenyewe kwa wenyewe, na jibu likatoka upande wa wanawake, sijui kwa nani. "Si tutamwona huyu dada? Huyu akiwepo, ni mazoezi."

Wote wakanigeukia. Daktari akatabasamu, akasema naam, hiyo ni rahisi na haina gharama. Mimi nikasema labda tutafute alama nyingine, kitambaa mlangoni au kitu kama hicho. Daktari alisema kitambaa wahudumu watakiona, watajua ni zoezi, watajivuta. Watu walikuwa na njaa, mkutano ukafungwa.

Na kweli ilifaulu. Mara zilizofuata, Mishomoroni ilitulia kabisa. Niliingia nyumbani kwa fundi, akalala, bibi akapiga simu, na majirani wakasimama mbali wamefunga mikono, wakicheka kidogo. Bibi sasa aliifanya kazi yake kwa ustadi, hata kulia aliacha. Tulipata tulichotaka. Daktari alinipongeza, nami nikajisikia kama nimefanikiwa.

Siku niliyokwenda kwa fundi kwa shughuli yangu mwenyewe ilikuwa Jumamosi, kweupe. Alikuwa akinishonea gauni la harusi ya binamu yangu, na nilikuwa nimesimama barazani nimelivaa, pindo limejaa pini, yeye kapiga magoti anapima. Bibi alikuwa ng'ambo, kizingitini kwake, anapeta mchele. Nilimwamkia, akaitikia. Baadaye nikasikia ungo umeanguka. Nilipogeuka, bibi alikuwa ameegemea mwimo wa mlango, mdomo umekwenda upande, na mkono wa kulia unaning'inia kama si wake. Kisha akateleza akaanguka.

Nilivuka njia na pini zangu. Nilimlaza ubavu, nikafungua leso iliyomkaza shingoni, nikamwita. Macho yaliniona lakini ulimi ulitoa sauti tu. Niliinua uso kuomba msaada.

Majirani walikuwa wamekwisha kutoka. Walikuwa wamesimama pale pale wanaposimama siku zote, mikono imefungwa. Mwanamke wa chumba cha pili, yule aliyevua leso yake mara ya kwanza, alikuwa anatabasamu.

"Leo zamu yako, bibi," akasema. "Na wewe umejua kuigiza."

"Si mazoezi," nikasema. "Anaumwa. Njooni mnisaidie."

"Ndilo tuliloambiwa tusifanye," mtu mmoja akajibu, kwa uungwana kabisa.

Tuktuk ilikuwa inapita. Nilipunga mkono wote. Dereva aliniona, akanitambua kuwa ni yule dada wa mazoezi, akanipungia na yeye, akapita. Nilipiga ile namba niliyowahi kuipokea mwenyewe kwa miaka. Aliyeitika alikuwa mwenzangu wa zamani, na aliijua sauti yangu.

"Ni zoezi?" akaniuliza.

"Si zoezi. Ni kweli. Ni kiharusi, nafikiri."

Kulikuwa na kimya kifupi. Ninamjua, na najua alichokuwa anafikiri: kwamba hata kwenye zoezi ningesema hivyo hivyo. Alituma gari, kama inavyopasa, lakini kile kimya bado ninakisikia.

Aliyetuokoa ni fundi. Alikuwa amebaki barazani, chaki mkononi, na nadhani hata yeye kwanza alishangaa kama tumebadilisha mpango bila kumwambia. Kisha alimwona bibi usoni. Alipiga ukemi, lile yowe la Kigiriama la msibani ambalo hakuna mtu wa kwao anayelipiga kwa mchezo. Mtaa mzima ulishtuka. Mwanamke wa chumba cha pili alikuja mbio, uso umebadilika, akipiga magoti kabla hajatufikia, akisema, "Wallahi sikujua, wallahi sikujua." Wanaume wakaja. Mtu akakimbia barabarani akairudisha tuktuk ile ile.

Tulimlaza bibi kadiri kile kiti kilivyoruhusu. Nilikaa sakafuni nimemshika kichwa kiinamie pembeni mate yasimkabe, pini za pindo zikinichoma mapajani. Njiani tulipishana na ambulensi ikielekea tulikotoka. Dereva alipunguza mwendo akaniuliza kama asimame tumhamishe. Kwa miaka nilikuwa nimewafundisha watu kwa simu la kufanya katika kila hali, na hapo sikujua. Nilimwambia aendelee.

Hospitali waliniuliza ilianza saa ngapi. Hilo niliweza kulijibu, kwa kuwa nilikuwepo ungo ulipoanguka. Daktari wa zamu alisema ni vizuri kwamba tumewahi. Sikujua kama tumewahi. Niliketi kwenye benchi na gauni langu lisilokwisha nikijaribu kukadiria zile dakika za mikono iliyofungwa na kile kimya cha kwenye simu, na ile tuktuk iliyopita. Labda hazikubadilisha kitu. Labda zimechukua ulimi wa bibi. Hakuna aliyeweza kuniambia, wala hakuna anayeweza leo.

Bibi aliishi. Mkono wa kulia una nguvu kidogo, na maneno yake yanatoka mazito, yamekatika, inambidi mwanawe amtafsirie wageni.

Jumatatu nilipomweleza daktari, alisukuma karatasi zake kando. Aliumia, hilo nasema kwa haki. Alisimamisha mazoezi ya Mishomoroni na Ziwa la Ng'ombe siku hiyo hiyo, akaiandikia kamati ya maadili, na alikwenda mwenyewe kumjulia hali bibi akiwa na matunda. Nilidhani basi sasa habari yenyewe itaandikwa. Kwamba watu walikuwa na njia yao ya kuokoana, yenye kasi kuliko yetu na yenye hatari zake, kichwa kuning'inia na mgonjwa kukosa pumzi, na sisi tulikuja tukaikatiza ili tupime tulichokuja kupima. Nilimwambia hivyo.

"Ninaelewa," akasema. "Lakini ripoti itahusu tulichomaliza."

Tulichomaliza kilikuwa Changamwe. Kule wafanyakazi wa viwandani wanakaa kwenye majengo yenye namba, watu wengi wako kazini mchana, na mgonjwa wetu alilala kwa amani mpaka ambulensi ikajipenyeza kati ya malori ikamfikia. Matokeo yalitoka mazuri. Yalisomwa kwenye hoteli moja, picha zikionyeshwa ukutani, mbele ya watu wenye vitambulisho shingoni. Mishomoroni ilitajwa kwa sentensi moja, kwamba sehemu hiyo iliondolewa kwa sababu ya "mkanganyiko katika jamii." Niliinua mkono. Mwenyekiti wa kikao alinipa nafasi, nikaanza kueleza, na nilipofika pale majirani walipofunga mikono akaangalia saa yake akasema ni hoja nzuri sana, tutaiendeleza wakati wa chakula. Wakati wa chakula watu walinisifu kwa ujasiri wangu, wakanipisha niwahi foleni ya pilau.

Nilikwenda kumwona bibi baada ya hapo, nimevaa lile gauni ambalo fundi alikuwa amelimaliza. Mwanawe alinipokea kwa heshima, akanikaribisha, akanipa maji. Bibi alinishika mkono kwa mkono wake wa kushoto na kusema kitu.

"Asema gauni lakupendeza," mwanawe akanieleza. Kisha aliponisindikiza, akasimama kidogo. "Dada, sisi hatuna ubaya nawe. Lakini ukija tena, tafadhali pitia uwani. Watu wakikuona hapa mbele, hawajui waamini lipi."

Nilisema sawa. Nilipita uwani, kwenye kamba za nguo, hadi nilipotokea njia nyingine.

Tangu hapo nimeandika pendekezo langu mwenyewe. Nataka kujua nini hutokea ndani ya tuktuk na juu ya pikipiki, na kama madereva wakifundishwa mambo machache, namna ya kumlaza mtu, kumfungulia njia ya pumzi, kuzuia damu, itasaidia au la. Daktari amekubali kuweka jina lake, na bila jina lake lisingesomwa. Kamati ililirudisha mara ya kwanza ikiuliza mgonjwa asiyejitambua atatoaje ridhaa ya kuingizwa kwenye utafiti. Ni swali la haki, na nilitumia miezi kulijibu, nikizunguka kuwauliza watu wenyewe. Mara ya pili wakaandika kwamba tuktuk haitambuliki kisheria kama chombo cha kusafirisha wagonjwa, kwa hivyo kuifanyia utafiti kunaweza kuonekana kama kuihalalisha. Hilo nililisoma nikasimama, nikatembea mpaka dirishani, nikarudi nikalisoma tena.

Nilikwenda kwenye stendi ya tuktuk kuzungumza na madereva. Mmoja, mtu mzima mwenye mvi, aliniambia kwamba aliwahi kumbeba mwanamke aliyekuwa akijifungua, na kwa kuwa hakujua afanye nini aliongeza sauti ya redio ili asimsikie, mpaka akafika. Mtoto alikuwa mzima. Mama pia. "Lakini ile redio," akasema, "mpaka leo naiona aibu." Akaniuliza mafunzo yataanza lini. Nilimwambia sijui.

Niliyaweka maneno yake kwenye pendekezo, kwa ruhusa yake, mwanzoni kabisa. Kamati ikasema sehemu hiyo ni hadithi na haina nafasi pale. Nimeiondoa. Nimelituma tena, na sasa wanasema kikao chao kimeahirishwa kwa sababu wajumbe hawakutimia.